Mafumbo ya mantiki kwenye mtihani wa ushindani: mwongozo kamili wa kuyafumbua kwa kalamu na karatasi

Watu sita wameketi kwenye benchi lenye nafasi sita, wote wanatazama mbele. Masharti ni manne:

1. Fatuma yuko mwisho mmoja wa benchi.
2. Daudi yuko kulia kwa Baraka, na kati yao kuna mtu mmoja tu.
3. Chiku yuko kushoto kwa Asha, na hakuna mtu kati yao.
4. Baraka yuko kushoto kwa Chiku.

Wa sita ni Eliya, na hakuna sharti linalomtaja. Swali: nani ameketi kati ya Baraka na Daudi?

Wengi wakikutana na fumbo kama hili hukimbilia kupachika majina. Fatuma nafasi ya kwanza, Baraka ya pili, tuone itakuwaje. Aa, haikubali, futa, anza upya. Watafika, maana fumbo lenyewe si gumu, ila watafika wamechoka na saa imekwenda. Bila sharti lolote, watu sita hupangika kwa njia 720. Kujua kwamba Fatuma yuko mwisho kunazishusha hadi 240, na hakuna mtahiniwa mwenye muda wa kujaribu njia 240. Swali lile lina jibu la nusu dakika, bila kupachika mtu hata mmoja. Litafute kwanza mwenyewe. Nitalirudia hapo chini.

Methali inasema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hung'amua, na nadhani ndiyo inayowatia watu hofu bure. Fumbo la methali limeficha maana. Fumbo la mtihani halijaficha kitu, kila unachohitaji kimeandikwa mbele yako. Kinachopimwa ni kama unaweza kutenganisha mambo matatu: lililo lazima, linalowezekana, na lisilowezekana. Karibu kila jibu la mtego kwenye karatasi ya maswali ni jambo linalowezekana lililovalishwa nguo za jambo la lazima. Shika hilo, kwa sababu kila hatua inayofuata inarudi hapo.

Hatua ya kwanza: soma kama wakili

Nimewasahihishia wenzangu mazoezi mengi ya aina hii, na naweza kusema bila kusita kwamba makosa ya kufikiri ni machache kuliko makosa ya kusoma. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza maswali matano kwa mpigo kwenye mtihani mmoja, kisa nilisoma "wa tatu kutoka kulia" kana kwamba ni "wa tatu kulia kwa Rehema". Mchoro wangu ulikuwa safi, hoja zangu zilikuwa sawa, na majibu yote matano hayakuwa sahihi.

Kwa hiyo tuyakague maneno yenyewe.

"Kushoto kwa" peke yake haisemi karibu wala mbali. Baraka aliye kushoto kwa Chiku anaweza kuwa jirani yake au kuwa ncha ya pili ya benchi. Akiwa jirani, mtunzi atasema: "karibu kabisa", "wamepakana", "hakuna mtu kati yao". Asiposema, usimsemee.

"Wa tatu kulia kwa Asha": Asha mwenyewe hahesabiwi. Kama yuko nafasi ya 2, huyo yuko nafasi ya 5, na kati yao wameketi watu wawili. Sentensi "kati yao kuna watu wawili" inaeleza umbali huohuo, isipokuwa haijataja upande. Hapo unatakiwa kuchora mara mbili.

"Kabla ya" si "siku iliyotangulia". Hili nalo limewaliza wengi kwenye mafumbo ya ratiba.

"Angalau wawili" ni wawili na kuendelea. "Si zaidi ya wawili" ni wawili, mmoja, au hata sifuri, na sifuri ndiyo husahaulika.

"Au", kwenye karatasi ya mantiki, huruhusu yote mawili kwa pamoja mpaka mtunzi aseme "lakini si wote wawili" au aandike "ama huyu ama yule". Mtaani tukisema chai au kahawa tunamaanisha kimoja, na mazoea hayo lazima uyaache mlangoni.

Halafu kuna jozi ninayoiogopa kuliko zote: "si wote waliofaulu" na "wote hawakufaulu". Ya kwanza inasema yuko angalau mmoja aliyeshindwa. Huenda wengine wamefaulu, huenda hapana. Ya pili, ukiisoma kama ilivyoandikwa, inasema hakufaulu hata mmoja. Kwa mdomo watu huzichanganya bila wasiwasi, na msikilizaji huelewa kwa sauti na hali. Karatasi haina sauti. Ukiona kanushi karibu na "wote" au "kila", simama, isome tena, kisha iandike upya kwa maneno yako: nani hasa amekanushwa?

Hatua ya pili: hamisha kila kitu kwenye mchoro

Kichwa hubeba masharti mawili, pengine matatu. La nne likiingia, la kwanza linaanguka. Kwa hiyo, geuza kila sharti kuwa alama fupi, halafu usirudi kwenye sentensi isipokuwa kuhakiki mwishoni.

Alama zangu ni hizi, nawe unaweza kuwa na zako mradi usizibadilishe kila wiki. Majina huwa herufi moja. Nafasi tupu ni mstari mfupi. Waliopakana naandika wakiwa wamebanana: CA. Mwenye pengo naliacha pengo: B _ D. Aliye upande fulani bila umbali kujulikana naweka nukta: B … C. Asiyewezekana mahali fulani naandika herufi yake chini ya nafasi hiyo na kuipiga mkasi. Asiyetajwa na sharti lolote, kama Eliya wetu, naizungushia herufi yake duara ili nisimsahau. Watu wa namna hii ndio hujaza mapengo.

Kama unadhani kuchora ni anasa, angalia kilichotokea Marekani. LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria, ulikuwa na sehemu nzima ya mafumbo ya kupanga watu na vitu. Watahiniwa wasioona walilalamika kwamba sehemu hiyo inawabagua kwa sababu inahitaji michoro, na mwaka 2019 waandaaji walikubali nje ya mahakama kuitafutia mbadala. Kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo haipo tena. Mitihani mingine mingi ya ushindani bado inayo mafumbo haya, na anayeyaona ana nyenzo ambayo ni upuuzi kuiacha mezani.

Hatua ya tatu: anza na sharti kali, kisha liulize pengo

Sharti kali ni lile linalobakiza nafasi chache. "Fatuma yuko mwisho" ni kali kiasi, maana lina njia mbili tu. "Baraka yuko kushoto kwa Chiku" ni legelege. Kati yao kuna vipande: B _ D kinachukua nafasi tatu, CA kinachukua mbili. Kipande kikubwa kina sehemu chache za kutosha, kwa hiyo ndicho cha kushughulika nacho kwanza.

Sasa badala ya kuuliza "B _ D nikiweke wapi?", uliza "nani anaweza kuingia kwenye pengo lile?" Pengo liko katikati ya watu wawili, kwa hiyo si mwisho wa benchi: Fatuma hawezi. Chiku na Asha wamepakana, na pengo ni la mtu mmoja: akiingia mmoja, mwenzake hana pa kumgusa. Hawawezi. Baraka na Daudi ndio kuta zenyewe. Amebaki Eliya.

Hilo ndilo jibu, na ni la lazima. Tumelipata bila kujua mtu yeyote yuko nafasi ya ngapi.

Endelea kidogo. Sasa tuna kipande BED na kipande CA. Sharti la nne linasema B yuko kushoto kwa C, kwa hiyo BED kinatangulia. Je, Fatuma anaweza kuwa kati ya vipande hivyo viwili? Hapana, yeye yuko mwisho. Basi mpangilio ni B E D C A mfululizo, Fatuma akiwa ama kushoto kabisa ama kulia kabisa:

F B E D C A
B E D C A F

Kutoka 720 hadi mbili. Na hapa ndipo watu huharibu: wanajilazimisha kupata mpangilio mmoja, wanabahatisha upande wa Fatuma, kisha wanajibu maswali kana kwamba wameuthibitisha. Fumbo halijakosewa. Mtunzi amekusudia ibaki mipangilio miwili, ili akupime kwenye maswali.

Hatua ya nne: tambua swali linataka nini

Tuchukue mipangilio yetu miwili na tuone maswali yanavyobadilika.

"Nani lazima awe jirani ya Chiku?" Tazama mipangilio yote: Daudi na Asha wako pembeni yake katika yote miwili. Jibu la lazima linahitaji kuwa kweli kila mahali.

"Nani anaweza kuwa nafasi ya nne?" Daudi katika wa kwanza, Chiku katika wa pili. Hapa kila mmoja wao ni jibu halali, mpangilio mmoja unatosha kuthibitisha.

"Nani yuko nafasi ya nne?" Jibu ni kwamba haijulikani. Ukiona chaguo la "taarifa hazitoshi", usilidharau na usilikimbilie. Lichague pale tu unapoweza kuonyesha mipangilio miwili halali inayotoa majibu tofauti, kama tulivyofanya sasa hivi.

"Lipi haliwezekani?" Eliya kuwa nafasi ya nne, kwa mfano. Yeye ni wa tatu au wa pili, basi.

"Ikiwa Asha yuko mwisho wa benchi, nani yuko karibu na Fatuma?" Sharti la nyongeza linachagua mpangilio wa kwanza, jibu ni Baraka. Sharti la "ikiwa" ni mgeni wa swali moja. Likiisha swali, nalo limeondoka. Kwa hiyo chora nakala ndogo pembeni, usiandike juu ya mchoro mkuu. Nimeona daftari ambamo sharti la swali la pili limebaki kwenye mchoro hadi swali la sita.

Na lile swali la kwanza la kawaida, "upi kati ya mipangilio ifuatayo unakubalika?", halihitaji hata mchoro. Chukua sharti la kwanza, pitia machaguo yote, kata yanayolivunja. Chukua la pili, kata tena. Usifanye kinyume, yaani kuchukua chaguo na kulipima kwa masharti yote. Ni kazi ndefu zaidi.

Wakikaa duara

Meza ya mviringo haina mwanzo, kwa hiyo mkalishe mtu mmoja popote, umgandishe hapo, uwapange wengine kumzunguka. Watu sita kwenye duara wana mipangilio 120 tofauti, si 720, kwa sababu kuizungusha meza hakubadilishi ujirani. Wa kumgandisha ni yule anayetajwa na masharti mengi, hasa kama kuna mtu anayekabiliana naye upande wa pili.

Mtego ni kulia na kushoto. Wanaotazama katikati, mkono wa kulia wa kila mmoja unaelekea kinyume cha mwendo wa saa. Wanaotazama nje, kulia kunafuata mwendo wa saa. Wakichanganyika, chora mshale mdogo kwa kila mtu kabla ya kuhesabu. Ukisahau ni ipi, jifikirie umekaa upande wa chini wa karatasi ukitazama juu: mkono wako wa kulia uko kulia kwa karatasi. Basi, imetosha.

Wakipewa siku na vitu: jedwali

Neema, Omari, Pendo na Rashidi walifanya mtihani mmoja kila mtu, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kila siku mtu mmoja. Masomo ni Hisabati, Historia, Jiografia na Kemia, kila mtu na lake.

1. Omari alifanya Jumatano.
2. Neema alifanya siku iliyotangulia ya aliyefanya Kemia.
3. Pendo hakufanya Hisabati wala Kemia.
4. Rashidi alifanya Jiografia.
5. Jiografia ilifanywa kabla ya Historia.

Njia zinazowezekana bila masharti ni 576. Chora jedwali lenye majina upande, na juu uweke siku nne kisha masomo manne. Tiki kwa ndiyo, mkasi kwa hapana. Kanuni ni moja: ukiweka tiki, piga mkasi safu na mstari mzima wa kundi hilo, na mstari ukibakiwa na kisanduku kimoja tupu, hicho ni tiki.

Tuanze na sharti la 4. Rashidi ni Jiografia, kwa hiyo wengine wote watatu si Jiografia. Nenda la 3: Pendo si Hisabati, si Kemia, na sasa si Jiografia. Kisanduku kimoja kimebaki, Historia. Weka tiki, wapige mkasi wengine.

Sharti la 2 ndilo lenye nyama. Msomaji wa haraka huona habari moja tu, "Neema kisha Kemia". Ndani yake kuna tatu zaidi: Neema si wa Kemia, maana mtu hajitangulii, Neema hakufanya Alhamisi, maana hakuna siku inayofuata, Kemia haikuwa Jumatatu. Sharti la namna hii halitoi tiki, linatoa mikasi, na mikasi ndiyo hufungua jedwali. Neema si Kemia, si Jiografia, si Historia: ni Hisabati. Kemia imebaki kwa Omari, na Omari ni Jumatano. Neema alimtangulia kwa siku moja, basi ni Jumanne.

Zimebaki Jumatatu na Alhamisi kwa Rashidi na Pendo. Sharti la 5 linasema Jiografia ilitangulia Historia: Rashidi Jumatatu, Pendo Alhamisi. Rudi juu sasa, soma masharti matano moja moja ukilinganisha na majibu. Sekunde ishirini za kuhakiki ni rahisi kuliko maswali manne yaliyojengwa juu ya tiki isiyo sahihi.

Ikiwa hivi, basi vile

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alielezea jaribio lake la kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Juu ya meza unaona E, K, 4 na 7. Kanuni inayodaiwa: ikiwa upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Ufunue kadi zipi ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Wengi husema E na 4. Jibu ni E na 7. Nyuma ya 4 kukiwa na irabu au konsonanti, kanuni haijavunjwa, kwa sababu haikusema namba shufwa zote zina irabu. Nyuma ya 7 kukiwa na irabu, kanuni imekufa. Kama ulikosea, uko na watu wengi na wenye akili zao, na ndiyo sababu watunzi wa mitihani wanapenda "ikiwa".

Fanya hivi kila unapoiona. Andika mshale: "Ikiwa Juma atachaguliwa, Khamisi atachaguliwa" ni J → K. Papo hapo, kando yake, geuza pande na ukanushe zote mbili: si K → si J. Hizo mbili ni sawasawa. Mengine yote hayamo: kuchaguliwa kwa Khamisi hakutuambii kitu kuhusu Juma, na kuachwa kwa Juma hakutuambii kitu kuhusu Khamisi.

Angalia pia maneno yanayogeuza mshale. "Lulu atakwenda iwapo tu Mwita atakwenda" ni L → M, wala si M → L. "Lulu hatakwenda isipokuwa Mwita aende" nayo ni L → M. "Waliosajiliwa wote waliingia" na "waliosajiliwa tu ndio walioingia" zina mishale inayotazamana: ya kwanza inatoka kusajiliwa kwenda kuingia, ya pili inatoka kuingia kwenda kusajiliwa. Neno "tu" ni dogo, ila limepindua sentensi nzima.

Faida ya mishale ni kwamba huungana. Tuseme J → K, K → si L, na si L → si M. Swali: Mwita akichaguliwa, nani hakika hatachaguliwa? Ukisoma mbele utazunguka. Geuza zote: M → L, L → si K, si K → si J. Khamisi na Juma wako nje, Lulu yuko ndani.

Wote, baadhi, hakuna

Hii ni mali ya kale. Aristotle aliipanga zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Kwenye mtihani, miduara inatosha, ile ambayo John Venn aliieleza mwaka 1880.

"Kalamu zote ni vifaa. Baadhi ya vifaa ni vyekundu. Je, baadhi ya kalamu ni nyekundu?" Chora duara la kalamu ndani ya duara la vifaa. Wekundu unagusa duara la vifaa, lakini unaweza kugusa pembeni tu, mbali na kalamu. Hitimisho halifuati. Huenda ni kweli duniani, lakini swali halikuuliza dunia. Kanuni ya kujilinda: jaribu kuchora picha inayokubali masharti na kulikataa hitimisho. Picha hiyo ikiwezekana, hata moja, hitimisho limeanguka.

Linganisha na hii: "Baadhi ya kalamu ni vifaa. Vifaa vyote ni vyekundu." Hapa zile kalamu zilizo vifaa zimemezwa na wekundu, hakuna pa kuponea. Baadhi ya kalamu ni nyekundu, lazima.

Utakutana pia na sentensi za ajabu, viti vyote ni mbwa, mbwa wote ni mawingu. Usicheke wala usizirekebishe. Zimeandikwa hivyo makusudi ili ujuzi wako wa dunia usikusaidie.

Mkweli ni nani?

Mmoja kati ya wanne amechukua ufunguo. Salma: "Ni Tatu." Tatu: "Ni Umi." Umi: "Tatu amesema uongo." Vuai: "Si mimi." Kauli moja tu ni ya kweli.

Unaweza kuwadhania mmoja mmoja, mara nne. Mimi huanza kwa kutafuta wanaopingana moja kwa moja. Tatu na Umi hawawezi kuwa wakweli wote wawili, wala waongo wote wawili; ukweli mmoja uliopo uko kwao. Kwa hiyo Salma na Vuai ni waongo, na uongo wa Vuai unamaanisha ni yeye. Hakiki: kama ni Vuai, Tatu amesema uongo, Umi kasema kweli, na ni yeye peke yake. Inakaa. Isipokuwepo jozi inayopingana, ndipo udhanie: chagua mtu ambaye kauli yake inagusa wengi, mchukulie mkweli, fuata hadi ugonge ukuta au ufike mwisho.

Saa, na kubahatisha

Fumbo lenye maswali matano linastahili muda wa maswali matano, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya mchoro kabla ya kugusa swali la kwanza. Hilo linawapa watu kiwewe, wanaona dakika zinapita bila jibu, ilhali mchoro ukikamilika maswali huanguka kwa mfululizo.

Usianze na fumbo la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Pitia yote, anza na lenye vipande vikubwa na masharti makali. Fumbo lenye "huenda" nyingi na watu watatu wasiotajwa liache nyuma. Na kama umeyapitia masharti yote mara mbili na mchoro haujapata hata nafasi moja ya uhakika, weka alama, ondoka.

Kama kosa linakatwa alama, fanya hesabu. Machaguo matano na makato ya robo alama: kubahatisha kwa upofu ni sifuri, hupati hupotezi. Ukiweza kukata chaguo moja kwa uhakika, kubahatisha kati ya manne yaliyobaki kunakupa wastani wa alama 1/16 kwa swali. Ni kidogo, lakini ni chako. Machaguo manne na makato ya theluthi moja hutoa sifuri ileile. Makato yakiwa makubwa kuliko hapo, usiguse swali ambalo hujakata kitu.

Mazoezi

Mafumbo mawili kwa siku, kwa saa iliyowashwa, yanashinda ishirini ya Jumamosi. Baada ya kila fumbo, hata ulilopata, rudi utafute ni sharti lipi lingekufikisha haraka zaidi kama ungeanza nalo.

Na uwe na daftari la makosa, ila usiandike fumbo zima ndani yake, hutalisoma. Andika tarehe, na mstari mmoja wa sababu: "nilihesabu Asha mwenyewe", "nilisoma au kama ama", "nilisahau kugeuza mshale", "nilibahatisha upande wa Fatuma". Baada ya wiki tatu hivi utaona kosa moja limejirudia kuliko mengine. Langu lilikuwa "kutoka kulia" na "kulia kwa", na hadi leo nikiyaona kwenye karatasi huyapigia mstari mara mbili kabla ya kuchora chochote.